Joakim Ndaki Salu, Mlezi wa Kulwa na Doto (1957–2004)

Tuliye naye mbele yetu leo, Jumamosi tarehe 11 Septemba 2004, ni Joakim Ndaki Salu, fundi umeme wa kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba hapa Bariadi. Majirani walimfahamu kama Baba Eliza. Kiwandani waliozoeana naye walimwita Baba Mabasa, yaani baba wa mapacha, ingawa Mungu hakumjalia mapacha wa kuzaa. Sababu ya jina hilo mtaisikia tunavyoendelea, kwa kuwa haiwezekani kusimulia maisha yake bila hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Binza, Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndaki Salu na mama Milembe. Mzee Ndaki alikuwa na ng'ombe na shamba la pamba, na kila msimu alipakia pamba yake kwenye mkokoteni na kuipeleka kuuzwa karibu na jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba. Siku moja alimaliza kupima mzigo wake, akageuka, Joakim mdogo aliyekuja naye hayupo. Walimtafuta mpaka wakamkuta amesimama chini ya dirisha la chumba cha injini, anaangalia mikanda inavyozunguka, kichwa chote kimejaa nyuzi za pamba. Baba yake alimtazama, akamuuliza, "Umezeeka lini, ng'wanawane, mwanangu?" Joakim alipenda sana kuisimulia habari hiyo, hasa baada ya mvi kuanza kumwota kweli.

Alisoma Shule ya Msingi Binza kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Kisha alichaguliwa kwenda shule ya ufundi Ifunda, Iringa, alikojifunza umeme na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Alisema baridi ya Iringa ndiyo iliyomfundisha kusoma, kwa sababu darasani ndipo palipokuwa na joto. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alirudi nyumbani, na tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha mafuta, ambacho wakati huo kilikuwa mali ya ushirika.

Mwaka 1983, tarehe 24 Septemba, alifunga ndoa takatifu na Specioza Mihayo wa Kiloleli, katika kanisa la parokia hapa Bariadi. Walijaliwa watoto watatu: Elizabeth, Bujiku na Felisita. Nyumba yao ilikuwa na mazoea yake. Kulikuwa na vibatari viwili, funguo mbili za kila kufuli, na ndoo mbili za maji ya kunywa, moja ikitumika na nyingine ikiwa imejaa na kufunikwa. Mkewe alikuwa akimtania mbele ya wageni, naye akimjibu kwa kumwita mayu, yaani mama.

"Baba Eliza, kila kitu unaweka cha akiba. Na mke je?"

"Hapo natembea na mmoja tu, mayu. Mungu anisaidie usiharibike."

Lakini mazoea hayo hayakuanzia kwenye utani. Yalianzia kwenye msiba, na wapo hapa wanaoukumbuka.

Kiwanda kile kina boila, yaani tangi kubwa la chuma linalochemsha maji na kutoa mvuke wa kupikia mbegu kabla ya kukamuliwa. Maji yakipungua ndani yake huku moto unawaka, chuma hupata moto kupita kiasi na mabomba hupasuka. Miaka ile kulikuwa na kifaa kimoja tu cha kuangalia maji na kuamuru pampu. Mwezi Novemba 1991 kifaa hicho kiliganda. Kilionyesha maji yapo, kumbe yamekwisha. Bomba lilipasuka, na mvuke ukamkuta Maganga, mchochea moto, rafiki ambaye Joakim alikuwa akila naye chakula cha mchana kwenye benchi moja kwa miaka yote ya kazi. Joakim ndiye aliyembeba kumtoa nje. Maganga hakupona.

Matangani, mjane wake, Lukresia, alimwita pembeni.

"Shemeji, hicho kifaa mnachokisema, kilikuwa peke yake?"

"Kilikuwa peke yake."

"Hakuna cha kukiangalia chenyewe?"

"Hakuna, shemeji."

Joakim hakuwahi kuyasahau maswali yale. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja katika kazi yake: mtu mwingine yeyote asichomwe tena na boila lile.

Miaka mitatu baadaye biashara ya pamba ilifunguliwa kwa watu binafsi. Wanunuzi wapya walijaa barabarani, ushirika ukayumba, na mwaka 1996 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni. Wengi walipunguzwa kazi. Joakim alibakizwa, na hakuifurahia bahati hiyo, kwa sababu alikuwa akipita kila asubuhi mbele ya nyumba za waliotolewa. Mwaka 1998 wenye kampuni walifunga mitambo mipya. Swichi za zamani za boila ziliondolewa, mahali pake pakawekwa kisanduku cha umeme kinachopangiwa maagizo kwa kompyuta, ambacho mafundi wanakiita kontrola. Joakim alipelekwa Mwanza kujifunza kukipangia maagizo hayo, akarudi na ombi. Alitaka viwe viwili.

Meneja wa wakati ule alicheka. "Mbili za nini, Joakim? Moja itafanya kazi, nyingine itakaa tu kama mgeni."

"Haitakaa, bosi. Itakuwa inaangalia. Mwenzake akianguka, yeye anapokea pale pale, pampu haisimami."

"Na kama asipoanguka?"

"Tutamwangusha wenyewe kila Jumatatu, tuone."

Meneja alidhani ni mzaha. Joakim aliendelea kuomba msimu mzima, kwa upole, karibu kila walipokutana, mpaka kontrola ya pili ya aina ile ile ikapatikana kutoka kiwanda kilichokuwa kimefungwa. Aliifunga mwenyewe kando ya ile ya kwanza, akatenganisha umeme wao ili fyuzi moja isizime zote mbili, akavuta waya wa kuziunganisha ili ya pili ifuate kila hatua ya mwenzake. Wafanyakazi walipoona visanduku viwili vinavyofanana vimekaa bega kwa bega, hawakuhitaji kuambiwa majina ya mapacha. Kilichotangulia wakakiita Kulwa, kilichofuata wakakiita Doto.

Habari ikamfikia mama Milembe huko Binza kwamba mwanawe analea mabasa. Alikuja Bariadi na basi la Maswa kuwaona. Alipoonyeshwa visanduku hakucheka. Aliuliza, "Huyu Doto anapata anachopata mwenzake?" Joakim akamweleza kwamba umeme ni ule ule. "Sikuulizi umeme," alisema mama, "nauliza ukimpa huyu kitu, na huyu unampa?" Kisha akafungua kitambaa chake, akaweka michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, juu ya Kulwa, na michembe iliyolingana na hiyo juu ya Doto, kama wanavyotendewa mapacha kwetu, ambao mmoja hapewi kitu mwingine akaachwa. Michembe ile mafundi waliila baadaye, wakigawana kwa haki.

Kazi ya kuwatunza ilikuwa ya kila siku. Vumbi la pamba huingia kila mahali, na likilala juu ya mitambo ya umeme huleta joto, kwa hiyo kila asubuhi aliwapuliza. Betri zinazotunza maagizo alizibadilisha kabla hazijachoka. Na kila Jumatatu, watu wakiwa wametolewa nje ya uzio wa boila, alimzima Kulwa kwa mkono wake, akasimama kuangalia Doto anavyopokea. Jumatatu iliyofuata alimzima Doto. Wageni waliona ni wazimu kuzima mashine nzima isiyo na ubaya. Yeye alijibu kwamba msaidizi ambaye hajawahi kujaribiwa ni picha tu ukutani.

Katika maisha hayo ya uangalifu kuna kosa moja, na yeye mwenyewe asingependa lifichwe. Msimu wa mwaka 2001 ilibidi kiwango cha chini cha maji kwenye boila kipandishwe. Visanduku vile vilikuwa vya zamani, havikuwa vya kunakiliana maagizo vyenyewe. Ukibadilisha kimoja, lazima ubadilishe na cha pili. Joakim alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Kulwa alipoitwa getini na kuambiwa mama yake ni mahututi. Aliondoka vile vile. Mama Milembe alizikwa Binza tarehe 20 Agosti, na Joakim akarudi kazini akiwa na kichwa kizito. Jumatatu alimzima Kulwa kama kawaida. Doto akapokea na maagizo ya zamani, maji yakaachiwa kushuka chini ya kiwango kipya, king'ora kikalia, moto ukazimwa haraka. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakukuwa na mtu ndani ya uzio.

Mchana alisimama kantini, mbele ya zamu nzima. "Nimempa Kulwa, nikamnyima Doto," alisema. "Mama yangu aliniuliza jambo hili hili." Kisha akakaa chini.

Kuanzia hapo hakugusa maagizo akiwa peke yake. Eufrasia Ng'washi, fundi aliyekuwa ameanza kazi miaka miwili kabla, alisimama kando yake na kuuliza kwa sauti.

"Kulwa amepata?"

"Amepata."

"Na Doto?"

"Amepata."

"Nionyeshe."

Joakim alikuwa akimwonyesha. Eufrasia alikuwa mdogo wake kwa miaka mingi, na alimwita Baba, lakini katika jambo hilo hakumwonea haya, naye Joakim alimpenda kwa sababu hiyo.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo upande wa kulia. Alitibiwa hapa Bariadi, kisha mwezi Juni akahamishiwa hospitali ya rufaa Mwanza, ambako iligundulika ana saratani ya ini. Aliupokea ugonjwa wake kwa utulivu. Mke wake alikuwa naye muda wote, na Elizabeth aliacha masomo kwa muhula mmoja ili kusaidia. Kila aliyetoka Bariadi kumwona aliulizwa swali moja kabla ya salamu kumalizika: Jumatatu waliwapokezanisha? Akijibiwa ndiyo, alilala vizuri.

Tarehe 31 Agosti, boila likiwa limezimwa tangu wiki iliyotangulia kwa ajili ya kusafishwa, ilikuja amri kwamba Doto aondolewe, apelekwe kwenye mtambo mwingine wa kampuni ambao kontrola yake ilikuwa imeungua. Eufrasia alikataa kufungua hata skrubu moja. Akatafutwa mtu mwingine, akamfungua. Kesho yake zamu ya asubuhi ilifika, ikaona nafasi tupu kando ya Kulwa, ikakaa chini na kusema haitawasha moto.

Jumamosi iliyofuata Eufrasia alisafiri kwenda Mwanza. Alikuwa amepanga kumwambia ukweli, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alipoingia wodini alikuta mwili umekwisha, macho tu ndiyo yaliyobaki ya Joakim.

"Mwadila, Baba," Eufrasia alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Mapacha hawajambo?"

"Hawajambo."

"Jumatatu ilikuwa zamu ya nani?"

"Tulimzima Kulwa. Doto akapokea."

"Maji?"

"Hayakushuka hata kidogo, Baba."

Joakim aliitikia kwa kichwa polepole. "Wabeja," alishukuru, akafumba macho. Eufrasia alimshika mkono mpaka alipolala, kisha akatoka nje kwenye korido alikokuwa amekaa mama Specioza, akamweleza yote. Walilia pamoja, na walikubaliana asiambiwe.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Septemba 2004, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amepokea sakramenti za mwisho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Wakati wasifu huu unaandaliwa, familia ilijiuliza kama habari ya Doto inafaa kusomwa kaburini. Mama Specioza ndiye aliyeamua. "Andikeni ilivyo," alisema. "Tulimdanganya akiwa mgonjwa, kwa sababu tulimhurumia. Sasa haumwi tena."

Basi Joakim aambiwe mbele yetu sote kwamba Doto hayupo, na kwamba boila halijawashwa. Meneja amesema liwashwe Jumatatu. Wachochea moto wamesema Jumatatu Doto awe amerudi, la sivyo wataendelea kukaa. Mbegu zimerundikana uani, na kila mmoja wao anajua anachoweza kupoteza.

Marehemu ameacha mjane, Specioza. Watoto watatu, Elizabeth, Bujiku na Felisita. Dada mmoja na kaka wawili huko Binza. Shemeji yake Lukresia, mjane wa Maganga, ambaye marehemu alimsaidia kuwasomesha watoto wake. Mwanafunzi na mwenzake kazini, Eufrasia. Na watu wa zamu zote tatu, ambao haijawahi kutokea wakaonekana pamoja mahali pamoja katikati ya msimu, kwa kuwa siku zote zamu moja lazima ibaki na moto. Leo wote wako hapa, na wazima.

Bwana ampokee Joakim, na ampe pumziko lenye amani.