Daftari la Hofu la Mwalimu Linah Nabalayo

Marehemu Linah Nabalayo Wabuge alizaliwa tarehe 3 Agosti 1956 huko Soy, mtoto wa pili wa Mzee Mukhwana na Mama Rosa.

Alisoma shule ya msingi hapo Soy. Karo ilipobaki ya mtoto mmoja tu, kaka yake Nicanor, anayewasomea wasifu huu, alitolewa darasa la nne. Linah akaendelea hadi chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1977. Kila likizo alirudi na vitabu, na kaka yake akajifunzia humo. Nicanor hakuwahi kumshukuru.

Aliolewa na Festo Wabuge, fundi wa mitambo, Desemba 1981. Harusi ilichukua siku tatu na hakuna aliyeangalia saa. Leo tumepewa dakika arobaini, kwa sababu hema linangojewa kwingine. Festo alifariki mwaka 2009.

Linah alifundisha mjini Eldoret hadi alipostaafu mwaka 2016. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alikuwa amemwachia katoni ya riwaya za kwao zilizotafsiriwa kwa Kiingereza: za mauaji, na za miji ya kesho isiyo na huruma. Linah akawaazima watu riwaya hizo nyumbani kwake Kapsoya, bila malipo. Sharti lilikuwa moja: hupati kitabu cha pili kabla hujaandika daftarini ulichoogopa katika cha kwanza. Aliyeandika “kizuri, ubarikiwe” alirudishiwa kalamu.

Collins, mwendesha bodaboda, alisoma cha mwanamke anayeendelea kumwandalia chakula mpangaji ambaye yeye mwenyewe amemuua. Aliandika: “Mama, sasa nikibeba abiria naangalia kioo tu. Hiki ni cha shetani. Kuna kingine?” Jepchirchir, fundi cherehani, alisoma cha mji ambao sheria inakataza kujua jina la jirani. Aliandika: “Kwa ploti yetu ya kupanga hiyo sheria ilishapita, na hatukuona bunge.” Linah alicheka hadi akafuta miwani.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Kutoka Pioneer, anakoishi kaka yake, hadi Kapsoya si safari, lakini mwaka ule mzima alifika mara mbili. Mara ya pili Linah alimpa kile kitabu cha mji.

“Nicanor, wageni wote wameniandikia. Wewe hata mstari mmoja.”

“Nimezika watu wa kutosha, Linah. Sitafuti wengine kwenye karatasi.”

“Basi kiache hapo mezani.”

Alikiacha. Linah alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Wiki hii jamaa wengine wamesema vitabu hivyo vichomwe, kwamba ndivyo vilivyoleta kifo nyumbani. Kaka yake amekisoma kile cha mji, kitandani pa marehemu, kwa siku nne. Havitachomwa. Daftarini, chini ya maneno ya Jepchirchir, ameandika: “Nimeogopa ukurasa ambapo mtu anapita mbele ya mlango wa dada yake bila kubisha. Sheria ilikuwa haijatungwa bado.”

Marehemu ameacha watoto wawili, Marvin na Vivian, wajukuu watano, wasomaji kumi na wanane, na kaka mmoja aliyechelewa kuandika.

Mungu ampokee, apumzike pasipo hofu.