Mshale wa Goti la Mama

Atakayebisha abishe sasa hivi, kahawa ikiwa bado ya moto: mama yangu anapasuliwa goti leo, na hospitali nzima imeniomba ruhusa mimi. Ndivyo nilivyowaanza pale kijiweni, kwenye lile benchi lenye mguu mmoja wa tofali nje ya kibanda cha kinyozi. Alikuwepo Kinyozi mwenyewe, Mzee Breki aliyestaafu udereva wa malori lakini hajastaafu kupiga honi mdomoni, na Muuza Kahawa. Mimi wananiita Spika. Shule niliiacha mapema, nadhani bado inanililia.

— Wewe wa kuombwa ruhusa? akasema Kinyozi. Mimi kichwa chako nakinyoa bila kukiuliza.

Nikawafungua macho. Hospitali ile inatafuta ithibati, yaani wanakuja wakaguzi kuona kama faili za wagonjwa zimekaa sawasawa na kama watu hawapasuliwi kienyeji. Basi tangu jana kila mwenye koti jeupe anamuuliza mama jina lake. Jina lipo kwenye faili, lipo kwenye utepe wa mkononi, na bado: mama, unaitwa nani, leo tunapasua wapi? Mama akaninong'oneza nimtafutie hospitali ya watu wenye kumbukumbu.

— Huo mtego, akasema Mzee Breki. Askari wa barabarani hukuuliza jina huku leseni yako kaishika. Ukibabaika, umekwisha. Ndiyo maana wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hakuna aliyeuliza uzazi umeingiaje kwenye goti.

Nikafika kwenye mshale. Jana jioni daktari alimchora mama mshale wa wino juu ya goti la kulia, lile bovu. Asubuhi mama mdogo akaja kumwogesha dada yake, akauona, akasema mtu haendi mbele ya madaktari na uchafu. Akausugua kwa dodoki na sabuni mpaka goti likang'aa. Kufika mlango wa chumba cha upasuaji, muuguzi akafunua shuka, akakuta magoti mawili masafi kama sahani. Akazuia kitanda pale pale. Hakiingii kitu mpaka daktari aje achore upya, mama akiwa macho na akionyesha kwa kidole chake mwenyewe.

Kijiwe kikapata kazi. Kinyozi akasema mshale ule ni wa wakaguzi. Wakishaondoka tu, kalamu zinarudi kabatini. Muuza Kahawa akasema hapana, mle ndani umeme hukatika, kwa hiyo madaktari hupapasa wakifuata mshale. Nikawaambia pia kwamba vitambaa vya kufutia damu vinahesabiwa kabla na baada.

— Lazima, akasema Mzee Breki. Haba na haba hujaza kibaba, na tumbo la mtu ni kibaba. Tena kwa mwendo huu wa mafaili, iko siku faili itapasuliwa peke yake, mgonjwa yuko kwake amelala.

Tukacheka mpaka benchi likayumba. Fundi mmoja wa kujenga, mgeni pale, saruji imemkaukia kwenye suruali, alikuwa akisubiri kahawa yake. Akanigeukia.

— Kwani mama ameshatoka salama?

Kinyozi akamtazama Mzee Breki. Mzee Breki akatazama kikombe. Halafu wote wakanitazama mimi, mwenye hospitali.

— Kuna swali moja nimeliruka, nikasema. Mshale ulipochorwa upya, muuguzi akaniuliza mimi: akizinduka, atamkuta nani? Mama akawahi kujibu. Akasema, mwanangu huyu hapa.

— Na wewe uko huku, akasema yule fundi.

— Mlango ulipofungwa, mama mdogo ameshaondoka, nilibaki peke yangu kwenye korido. Nikawaza, akitoka mtu mle ndani na kuniita pembeni, nitasimama na nani? Miguu ikanileta kwenu. Ruhusa sikuombwa, jamani. Niliombwa nikae tu pale.

Mzee Breki akaninyang'anya kikombe, kahawa ikiwa nusu, akanionyesha kwa kidole njia ya hospitali.