Mama Sungura Alisemaje Stima Ilipopotea

Benchi letu liko nje ya banda la kinyozi la Okumu, hapa Kariobangi, mahali Mama Ardo anapotua na birika lake la kahawa kila siku saa kumi jioni. Wanaolikalia ni watatu. Okumu huitwa Refa, kwa sababu humkatiza kila mtu. Gichuru ni Akala, maana hukata viatu vya tairi kule Kariokor. Mutie, karani wa stoo, ni Kamusi, kwa sababu hututafsiria katuni za Jumamosi kwenye televisheni ya Refa. Mimi ni Muthoki. Niliacha shule mwezi wa nne, tulipomzika mama kule Mwingi, na sasa huwafulia watu nguo. Mdogo wangu Koki, wa miaka mitano, hakuja mazishini. Nilimwambia mama amesafiri. Jumamosi tulitazama katuni ya sungura: mtoto mmoja wa porini ameachwa nyasini peke yake, anavuka kilima baada ya kilima akimtafuta mamake, halafu stima ikapotea. Neno la mwisho alilotafsiri Kamusi lilikuwa, "Mama yuko hapa." Leo ni siku ya tatu Koki anakaa mlangoni amevaa viatu vyake vya kanisa, na chakula hataki. Ndiyo maana nilienda benchini.

Mimi: Anko Kamusi, yule mama sungura alirudi kweli?

Kamusi: Si nilitafsiri? Mama yuko hapa. Kizungu safi.

Akala: Hapa wapi, manze? Mimi niliona nyasi tu.

Refa: Alikuwa shimoni. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akala: Wacha zako! Wenye mashimo ni wale sungura wengine wa kwenye katuni, wanene wa masikio mafupi. Hao wana ploti, na hati wana. Yule mama ni mpangaji, analala nje na mtoto. Mimi nawaambia alifukuzwa na landlodi.

Refa: Landlodi wa nyasi?

Akala: Kwani ile nyasi ya uwanja wetu ilienda wapi? Si siku moja ilipata mwenyewe?

Refa: Basi ni hao wanene waliokata stima, tusione mwisho. Walipiga simu.

Kamusi: Sungura apige simu?

Refa: Mwenye ploti hakosi simu.

Walicheka. Mama Ardo hakucheka. Aliendelea kusuuza vikombe.

Mama Ardo: Kwetu Isiolo nimewaona. Sungura wa porini hana shimo. Huzaa juu ya ardhi, humwacha mtoto amelala kimya mchana kutwa, hurudi jioni kumnyonyesha. Akikaa naye, mbweha atanusa.

Mimi: Na asiporudi?

Mama Ardo: Mtoto hungoja tu, mwanangu. Hakuna wa kumwambia.

Nikamgeukia Kamusi.

Mimi: Anko, hebu sema vile televisheni ilisema. Kwa Kiingereza.

Kamusi: "Mother here." Mama yuko hapa.

Mimi: Si "here", anko. Ni "hare". Mwalimu alitufunza Form One. Ndilo jina la sungura wa porini. Walikuwa wanamtaja tu, halafu stima ikapotea.

Refa alipiga mluzi.

Akala: Kamusi! Jina la mtu umeligeuza mahali!

Kamusi: Mdomoni si ni moja? Na mtoto si alifurahi?

Mimi: Alifurahi. Sasa hali chakula.

Kamusi: Basi mwache, Muthoki. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Na usiku watu hulala, wanapumzika.

Mimi: Koki usiku halali pia. Naomba uje nyumbani umwambie ulikosea. Neno lako analiamini kuliko langu.

Kamusi aliweka kikombe chini. Alikuwa anainuka tulipomwona Koki akija kando ya mtaro, viatu vya kanisa vimejaa vumbi. Alisimama mbele ya Kamusi.

Koki: Anko Kamusi, ulisema mama yuko hapa. Nimeangalia kwetu, kwa jirani Wacera, hadi kwa posho mili wanaposaga unga. Ni hapa gani?

Akala aliinama kama anayefunga viatu, lakini akala hazina kamba. Refa, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize, hakukatiza. Watatu hao ndio walioinua jeneza la mama kulipakia kwenye pikapu, na kila mmoja aliangalia mikono yake. Kamusi alifungua kinywa.

Kamusi: Koki, mimi nili... nilikosea neno...

Akaniangalia mimi. Nikaona nimemtuma mtu mzima kubeba mzigo wangu.

Nilipiga magoti pale vumbini, nikamshika Koki mabega.

Mimi: Si anko aliyekosea, Koki. Ni mimi, niliposema mama amesafiri.