Mwalimu Specioza, Aliyeuvunja Mlango Wake kwa Shoka

Wapendwa waombolezaji, marehemu aliagiza wasifu wake usomwe bila sukari, kwa kuwa sukari ilishamtosha. Aliyekuja kusikia kwamba alikuwa mpole na atuvumilie.

Mwalimu Specioza Rwegoshora alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Alizaliwa na kilo tano, na mwili wake mkubwa hakuwahi kuuombea radhi.

Alianza shule ya msingi hukohuko mwaka 1976. Akiwa darasa la tano alimng'oa jino mvulana aliyemwita pipa. Alichapwa viboko vinne, akarudi darasani akamtazama tu, na mvulana akahama dawati. Alimaliza sekondari mwaka 1986 na chuo cha ualimu mwaka 1989.

Januari 1990 alipangiwa Mafia, katika kijiji cha Kanga. Mwaka uliofuata mzazi mmoja aliingia darasani na fimbo ya mkwaju ili amtoe binti yake, Mize, akaozwe. Mwalimu alimnyang'anya ile fimbo, akaivunja gotini, akamkaba ukosi na kumrusha nje kupitia dirisha. Mize alimaliza darasa la saba. Leo ni mkulima wa mwani, na ameketi hapa mstari wa mbele.

Tarehe 6 Agosti 1994, mjini Kilindoni, alifunga ndoa na Bwana Evaristo, ofisa uvuvi, mtu mwembamba na mtulivu ambaye maisha yake yote ya kazi alipima matundu ya nyavu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jovina na Godlove. Mwaka 2005 familia ilihamia Ndagoni, Mafia hukohuko, na Mwalimu akapewa darasa la kwanza.

Kisukari kilianza mwaka 2012. Tarehe 3 Novemba 2021 alikatwa mguu wa kushoto, juu ya goti. Kuanzia hapo alitaka jambo moja tu: kurudi kwa watoto wake wa darasa la kwanza. Mumewe akaenda kumtafutia kiti cha magurudumu. Kama alivyozoea kazini, alichukua futi akapima tundu, yaani mlango wa nyumba, akaleta kiti kinachopita hapo. Hakumpima mkewe.

Vyuma vya pembeni vilimchuna mapaja mpaka damu. Alivumilia wiki tatu kwa sababu mumewe alikileta kwa furaha. Jumatatu, tarehe 17 Januari 2022, mbele ya wanafunzi uwanjani, fremu ya kiti ilipasuka na chuma kikamzama pajani. Watoto walitawanyika wakipiga mayowe.

Kidonda kilipofunga aliomba mchi, akakitwanga kile kiti mpaka kikalala chini kama chapati. Kisha akaomba shoka, akaketi kwenye kigoda na kuushambulia mlango. Bwana Evaristo alirudi akakuta fremu iko chini pamoja na kipande cha ukuta.

"Mke wangu, tumevamiwa?"

"Na wewe! Umepima mlango, Evaristo. Mimi dagaa?"

"Nilitaka upite."

"Nipite nimekaa, au nipite vipandevipande?"

Mzee alilia. Mwalimu naye alilia, shoka likiwa bado mkononi.

Kesho yake Mize alimleta fundi Mansuri, seremala.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipime, na usinionee haya."

Mansuri alimketisha kwenye benchi, akasimamisha ubao kila upande wa nyonga, akapima kati ya mbao hizo. Zilikuwa sentimita hamsini na nane, naye akaongeza kidole kila upande. Akapima paja pia, kiti kisije kumkata nyuma ya goti. Mizani ya mwani ya Mize ilisoma kilo mia moja thelathini na moja, na Mwalimu akaitangaza mwenyewe kijiji kisikie. Alisema kiti ukikidanganya uzito, kitakuumbua.

Kiti kipya, cha chuma kinene, kilitengenezwa Dar es Salaam kwa vipimo hivyo. Julai 2022 alirudi darasani, akafundisha karibu miaka mitatu.

Figo zilipomshinda hakuondoka kwa upole. Alimrushia nesi bakuli la uji, kisha akamwomba radhi. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Jana Mansuri alikuja kwa ajili ya jeneza, akaanza kwa kwenda kuangalia upana wa mlango. Bwana Evaristo, ambaye hakuna mtu hapa aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alimpokonya futi.

"Toka mlangoni! Mpime yeye! Asipopita, shoka lipo!"

Alipita.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, Mize, na darasa la kwanza la Ndagoni. Apumzike kwa amani, na kwa nafasi.