Honorata Alivyolitamka Jina Lake

Mgeni rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii, pamoja na wote ulioongozana nao: shikamooni, na karibuni sana Mwanga. Sisi ni watu tisa wenye kigugumizi. Risala hii tumeiandika pamoja, na anayeisoma ni mwenzetu Honorata, muuza dagaa wa Kibirizi. Habari zake tumeziandika kama za mtu mwingine. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Akikwama mahali, tunaomba uvumilivu wako.

Tulikotoka

Kikundi kilianza miaka mitatu iliyopita katika chumba cha kushonea cha Bi Yunisi, katibu wetu. Kila Jumamosi tulisoma kwa sauti, mmoja mmoja. Honorata alikuwa anakuja, anasikiliza, anaondoka. Kusema hakusema. Zamani kidogo alimtumia mteja ujumbe wa sauti kuhusu dagaa, mteja akaurusha kwenye kundi la simu. Kesho yake wabeba mizigo wa Kibirizi walikuwa wakimwigiza. Akaapa kwamba sauti yake haitaingia tena kwenye chombo chochote.

Siku moja Yunisi alimwonyesha, kwenye kompyuta ya kikundi, ukurasa wa kivinjari unaorekodi sauti bila kuipeleka popote. Honorata hakuamini. Yunisi akaufungua ukurasa, kisha akamwambia azime intaneti kwa mkono wake mwenyewe. Akazima. Ukurasa ukaendelea kurekodi kama kawaida.

"Sasa nikisema, nani anasikia?" Honorata akauliza.

"Wewe peke yako," Yunisi akamjibu. "Usipoipenda, ifute."

Akatoka, akamfungia mlango.

Mafanikio

Honorata alirekodi jina lake, akajisikiliza, akafuta, akarudia. Wiki saba zilipita hivyo, na sisi tuliokuwa nje hatukusikia ila cherehani. Wiki ya nane akatoka anacheka, akasema amerekodi salamu za kumpelekea mama yake aliyeko Simbo, dakika nzima, kwa Kiha. Redio ndogo ya mama, ile ya kuchomekwa kadi ya kumbukumbu, ilikuwa haisomi faili la aina ile; ukurasa uleule ukaligeuza likasomeka, intaneti bado imezimwa. Mama alisikiliza mara tatu, akaita majirani nao wasikie. Kisha akalalamika kwamba mtoto ameahidi dagaa na dagaa wenyewe hawajafika. Tulicheka hadi Yunisi akajichoma sindano.

Leo wote tisa tunarekodi, na Honorata ananadi dagaa wake mwenyewe pale Kibirizi. Akikwama anakwama, kisha anaendelea.

Changamoto

Kompyuta ni moja, na foleni tumeizoea. Linalotuuma ni jingine. Leseni ya biashara ya Honorata imeandikwa Honorina. Karani alimuuliza jina, akakwama katikati, karani akalimalizia mwenyewe na kuandika. Siku ile Honorata hakuweza kubisha. Alichukua karatasi akaenda nayo nyumbani.

Maombi

Ukitupatia kompyuta ya pili tutashukuru. Jina likisahihishwa tutafurahi zaidi. Lakini ombi letu kubwa halihitaji bajeti, mgeni rasmi. Kwenye madirisha ya ofisi zenu, mtu akikwama kwenye neno, msimmalizie. Msubirini. Neno lake linakuja.

Mungu akujalie afya wewe na nyumba yako, na safari yako ya kurudi iwe nyepesi.

Msomaji: Honorata Castory.

Ni sisi, Kikundi cha Sema Taratibu, Mwanga, Kigoma.