Naomi Mejumaa Charo, Aliyetaka Kuambiwa Mwenyewe

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kuze na nyote mliofika, familia inawasomea maisha ya Naomi Mejumaa Charo, Mama Ketty, na Aida aliyesimama hapa kando anayasema kwa mikono, kwa ajili ya rafiki zake viziwi walioketi mbele.

Naomi alizaliwa tarehe 9 Juni 1988 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Charo, akapoteza kusikia akiwa na miaka minne baada ya homa ya uti wa mgongo, akasoma shule ya bweni ya viziwi hadi darasa la nane mwaka 2004, kisha akaja hapa Kuze, kisiwani, kujifunza cherehani kwa Bi Yumna, ambaye haukupita muda akawa analalamika kwamba binti huyu hasikii lakini kwa umbeya anawashinda wote dukani.

Hapo dukani ndipo Musyoka, fundi wa bandarini, alipokuwa akileta suruali ile ile ipunguzwe, wiki baada ya wiki, mpaka ikawa kaptura, na tarehe 3 Desemba 2011 wakafunga ndoa kanisani, wakajaliwa Ketty mwaka 2013.

Mwezi wa Mei 2019 Naomi alikwenda kujifungua mtoto wa pili katika hospitali moja ya binafsi, Musyoka akiwa zamuni, akawekewa karatasi atie kidole ingawa alijua kuandika jina lake, akapasuliwa bila kujua kwa nini, na mtoto, wa kiume, akafariki. Wauguzi walilizungumza jambo hilo juu ya kitanda chake bila hata mmoja kumgeukia, naye akajua alipoona kila mama wodini ameletewa mtoto wake ila yeye.

Hakutaka mtu afungwe. Alitaka mama kiziwi aambiwe habari zake mwenyewe, kwa lugha ya ishara, kabla ya mtu mwingine yeyote, na mwaka uliofuata akafungua kesi akisaidiwa na wakili, Bwana Kingi.

Siku ya kusikizwa kesi wakili alichelewa, Bi Yumna aliyemsindikiza akatoka kidogo kwenda kuswali, na karani akaliita jina la Naomi kwa sauti, akaliita tena, naye Naomi ameketi benchi la mbele akimtazama kwa adabu, hivyo kesi ikafutwa kwa kuwa mlalamikaji hakufika. Bi Yumna aliporudi alimwambia karani, “Mwanangu, unayemwita huyu hapa mbele yako, na kesi yenyewe ndiyo hiyo.” Jaji aliyeirudisha aliandika kwamba kosa lile peke yake lilikuwa ushahidi wa kutosha, na mwezi wa Machi 2023 hospitali ile ikaamriwa kuweka mkalimani, ndipo Aida akaajiriwa.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025 Naomi aliumwa tumbo, akakubali kurudi pale pale, ikaonekana ni saratani iliyokwisha kuenea. Musyoka, aliyekuwa hajaambiwa lolote ila alihofia baya, kwa mapenzi alimvuta Aida koridoni akamsihi, majibu yakiwa mabaya, aseme ni vidonda vya tumbo, vitapona, naye Aida akamjibu, “Baba Ketty, nisamehe, mikono yangu humu ndani ni ya Naomi.”

Naomi akaambiwa. Alilia, akajifuta uso, akamuuliza daktari maswali mpaka chakula cha mchana kikampita, kisha akamgeukia mumewe akamwambia kwamba hata yeye Musyoka angejaribu kumficha, hajui kudanganya kwa mikono. Miezi iliyobaki alimfundisha Ketty kukata kitambaa, akawaaga dada zake mmoja mmoja, akachagua kitenge alichovaa leo, na asubuhi ya Jumanne tarehe 19 Agosti akatutoka, mkono wake ukiwa katika mkono wa Musyoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, Bwana Kingi, Bi Yumna na mafundi wenzake, wenzake Musyoka wa bandarini, na majirani waliotupikia na kukesha nasi bila kuuliza dini ya mtu.

Siku ile ya majibu, daktari alipotoka chumbani, Aida alimuuliza Naomi kama ingekuwa heri asingejua. Alisema hapana, safari hii ameambiwa yeye kwanza.

Mama Ketty, pumzika, na amani ya Mungu ikulaze.