Jaketi Moja kwa Wahitimu Thelathini na Mmoja

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Chuo chetu cha hoteli Ndugu Dickson, viongozi wetu wa dini, Ndugu wakala wa ajira za melini uliyetufuata kutoka Dar, wazazi mlioacha vitunguu shambani, na ninyi wahitimu: nawasalimu nyote.

Kama Mwenyekiti wa Bodi, nimeombwa niseme machache, nigawe vyeti, tule. Wengi mnanijua tangu nikiitwa Martha wa Chapati pale stendi. Leo nina magari sita ya watalii na lodge ya vyumba kumi na viwili, na sikufika hapo kwa kukisia. Getini Lodoare, pa kuingilia Ngorongoro, gari langu halipiti bila idadi ya wageni kulingana na kibali. Hao ni wageni sita, nchi kavu. Je, meli ya watalii yenye watu elfu tatu?

Eva, binti wa kaka yangu Silvanus, alihitimu hapa mwaka juzi, wa kwanza darasani. Mwaka jana meli aliyoajiriwa ilichanwa ubavu na mwamba, ikazama kwa dakika arobaini. Eva alipangiwa wageni ishirini na wanne wa kuwafikisha kwenye boti za kuokolea. Aliwapeleka wapi? Mgahawani!

“Shangazi,” aliniambia, “walinifuata kwa sababu ya sare. Na mimi nilikwenda nilikofundishwa kupeleka wageni.”

Kumi na saba walitoka. Saba hawakutoka. Eva yuko nyumbani Endabash. Kengele ya shule ikilia, anasimama wima.

Nikauliza: alifundishwa nini? Nikaonyeshwa cheti chake cha usalama wa abiria baharini, saa arobaini. Nimesoma ratiba yote ya chuo. Kukunja vitambaa vya meza, saa kumi na sita. Kukunja taulo liwe bata, saa nane. Kuogelea, sifuri. Kutafuta mlango wa dharura, sifuri. Na sahihi iliyo chini ya cheti kile, ndugu zangu, ni yangu. Nilisaini bila kusoma.

Nikafungua mafaili ya mwaka huu. Picha thelathini na moja, kila mhitimu kavaa jaketi la kuokolea maisha. Jaketi lilelile, lenye doa la wino begani! Nikamuuliza Goodness, huyo anayejificha nyuma ya kofia yake, ulilivaa muda gani? “Mama, hata mkanda sikufunga. Kulikuwa na foleni.”

Ndugu Dickson, uliniambia, “Mama, huo ni utaratibu tu, wenye meli watawafundisha.” Wenye meli nao wameniandikia kwamba walimpokea Eva akiwa tayari na cheti. Sasa nani amfundishe? Mwamba? Usinionyeshe saa, Ndugu Dickson, namalizia.

Vyeti vya hoteli nimesaini, maana mmevitolea jasho. Vya baharini sikusaini hata kimoja. Najua mikataba ni Ijumaa. Najua kuna mzazi ameshaaga majirani. Nichukieni. Kesho saa moja asubuhi bwawa la lodge yangu litakuwa lenu. Mzee Seif, baharia mstaafu, ameshafika na majaketi thelathini na moja. Saa arobaini, nitazihesabu mwenyewe. Maji ya Karatu ni baridi, mtalia. Ndugu wakala, ukiona wanakuchelewesha, simama uwaambie wazazi hawa ni mgeni yupi utamkabidhi kwa kijana asiyejua mlango.

Haya. Asanteni kwa kunisikiliza hata mliokasirika. Goodness, njoo mwanangu, uanze wewe. Cheti kimoja, cha hoteli.